Barua Nilizoziacha Nje ya Jarida

Rafiki yangu nilimpata Bungoma, kwenye semina ya walimu wa hesabu, likizo ya Agosti katikati ya miaka ya themanini. Mimi nilikuwa nafundisha shule moja ya sekondari karibu na Kitale. Yeye alifundisha Bumula, kwao, na kila jioni badala ya kulala bwenini na sisi wengine alipanda baiskeli akarudi nyumbani, kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua majuzi.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mkufunzi aliona tunasinzia. Akatugawia karatasi za miraba na mahindi makavu, konzi moja kwa kila meza. Punje moja ni kiumbe kimoja, alisema. Kikiwa na majirani wawili au watatu, kinaishi. Wakipungua hapo, kinakufa kwa upweke. Wakizidi, kinakufa kwa kubanwa. Na mraba mtupu wenye majirani watatu kamili unazaa kiumbe kipya. Sheria ndizo hizo tu. Unatazama karatasi nzima, unaondoa waliokufa, unaweka waliozaliwa, kisha unaanza tena.

Wengi wetu tulicheza kwa kumheshimu mkufunzi, na saa nne ya chai ya kesho yake mahindi yalikuwa yametafunwa. Yeye alinijia pale kwenye chai akiwa na karatasi nne zilizojaa vidoti vya penseli. Hatukuwa tumezoeana. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimeketi peke yangu.

"Mwalimu, hebu angalia hii," alisema. "Punje tano tu. Inatembea."

"Inatembea aje?"

Akanionyesha, hatua baada ya hatua, kwa ncha ya penseli. Baada ya hatua nne umbo lilikuwa lile lile, ila limesogea mraba mmoja kwa mshazari. Hakuna aliyeziambia punje ziende mahali. Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka sita, na sikuwahi kuona hesabu ikiondoka mahali ilipowekwa. Nilimwomba anipe karatasi moja. Akanipa zote nne, akasema atachora nyingine.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Kwa miaka mingi baadaye tulitumiana viumbe kwa posta. Bahasha ingefika shuleni Kitale ikiwa na karatasi ya grafu iliyokunjwa mara nne, na pembeni maneno machache: hii nimeifuatilia mpaka hatua ya sitini, nimechoka, endelea wewe. Nami niliendelea, nikairudisha ikiwa hatua ya mia. Karibu habari zote za nyumbani nilizipata pembezoni mwa karatasi hizo. Mtoto wa pili amezaliwa. Ng'ombe amepotea na amepatikana Matulo. Baba amezikwa. Mimi nami niliandika yangu, ingawa sikuwa na mengi. Sikuwa nimeoa, na ndugu zangu walikuwa wametawanyika. Sasa naona kwamba mtu niliyemwambia mambo yangu ya ndani miaka ile yote ni yeye, katika nafasi ya vidole viwili iliyobaki pembeni mwa miraba.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini shule yetu ilipewa kompyuta mbili zilizotumika, zawadi ya kanisa moja la ng'ambo. Walimu wengine waliziogopa. Hedimasta alinikabidhi ufunguo wa chumba, nami nikamwandikia rafiki yangu siku hiyo hiyo.

Alikuja Jumamosi, amevaa koti la Jumapili. Nilikuwa nimeshaandika programu fupi ya ule mchezo wa mahindi. Nilibonyeza, na kazi iliyokuwa ikituchukua wiki mbili na stempu kadhaa ikapita kwenye skrini kabla hajamaliza kuvuta kiti. Alicheka. Kisha akatazama vidoti vikizaliwa na kufa, mpaka vikabaki vichache visivyobadilika.

"Sasa tutaona mpaka vitukuu," alisema.

Kwake Bumula hakukuwa na kompyuta, wala umeme. Nilimpa kitabu cha kujifunzia programu, akakinakili kwa mkono. Tangu hapo alikuwa akiandika programu zake kwenye daftari la mazoezi, anazipitia mstari kwa mstari kwa penseli, halafu mara moja kwa mwezi anakuja Kitale kuziingiza. Mara nyingi zilifanya kazi mara ya kwanza. Mimi niliyekaa na kompyuta kila siku nilikosea mara kumi kwa yeye mara moja. Nilimwonea fahari, na pia nilimwonea kijicho kidogo. Nalisema hili kwa sababu sidhani mambo yaliyotokea baadaye yangetokea bila kile kijicho.

Kazi yake kubwa aliiita Shamba. Haikuwa tena miraba ya kuzaliwa na kufa tu. Kila kiumbe kilikuwa na orodha fupi ya maagizo: nenda mbele, geuka, kula nyasi, pumzika. Kilichokula vya kutosha kilizaa mtoto mwenye maagizo yale yale, ila mara moja moja agizo moja lilibadilika bila mpango. Basi. Unaanza na viumbe wajinga wanaozunguka ovyo, unakwenda kunywa chai, ukirudi unakuta wengine wamejifunza kufuata nyasi zinakoota. Mara moja tulikuta kizazi kizima kilichoacha kutembea. Walikaa tu, wakingoja nyasi ziote chini yao. "Hawa ni kama wewe na mimi kwa stafrumu tukingoja chai," aliniambia, na ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tukicheka hadi machozi.

Katikati ya miaka ya tisini ofisi ya mradi mmoja wa kilimo mjini Kitale iliwekewa modemu. Meneja wake alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu, akaniruhusu kutumia barua pepe kila Jumamosi asubuhi. Haikuwa kama ilivyo leo. Unaandika barua zako, unazifunga pamoja, modemu inapiga simu Nairobi ikilia kama redio iliyopoteza stesheni, na barua zinaondoka. Za kuja unazikuta wiki ijayo. Kwenye gazeti la kigeni lililoachwa pale ofisini niliona anwani za watu watatu waliokuwa na mchezo kama wetu. Niliwaandikia wote. Wawili walijibu.

Rafiki yangu alipozisoma barua zile alizirudia mara tatu. Kisha akasema, "Tukusanye watu, bana. Kila mtu ako na shamba lake, analima peke yake. Tubadilishane mbegu."

Mbegu ilikuwa orodha ya maagizo ya kiumbe kimoja, mistari kumi au ishirini, ambayo mtu mwingine angeweza kuinakili na kuipanda katika kompyuta yake. Tuliamua kuanzisha jarida la barua pepe. Watu wangeniandikia, mimi ningekusanya barua zao kila Jumamosi, nizipange, niongeze mbegu za wiki hiyo, nizitume kwa wote kama barua moja. Aliweka sharti moja tu, nalo alilisema akiwa amesimama mlangoni, tayari kuondoka kwenda kutafuta gari la Bungoma.

"Yeyote akiandika, barua yake iingie. Hata kama ni mjinga. Hata kama ni mtoto. Si tulikuwa na mahindi tu sisi?"

Nilikubali bila kufikiri.

Jarida lilikua kuliko tulivyotarajia. Kulikuwa na mwanafunzi wa chuo huko Brazili, na fundi mstaafu wa simu wa New Zealand. Mwanamke mmoja wa Ufini alikuwa mwandishi wa programu hodari kuliko sote. Mfamasia wa Kisumu alitupata kwa bahati na hakuamini kwamba kitu hiki kinatoka Kitale. Baada ya mwaka tulikuwa watu thelathini na kitu. Walipanda mbegu za wenzao na kuleta habari: yako imekufa kwangu siku ya pili, yako imekula za wengine wote, yako imezaa aina mbili ambazo haziwezi tena kuzaana. Shamba la rafiki yangu ndilo walilotumia wote, na wengine waliliongezea mito na majira ya mvua. Juu ya kila toleo liliandikwa jina langu, mhariri. Watu waliniandikia wakianza na shukrani. Shuleni nilikuwa mwalimu wa kidato cha pili mwenye suruali mbili. Jumamosi asubuhi nilikuwa mtu mwingine.

Kisha ofisi moja ya kupiga taipu mjini Bungoma nayo ikapata barua pepe. Rafiki yangu alifurahi. Sasa angeweza kutuma mwenyewe bila kunisumbua kuchapa barua zake, na hakuwa na haja ya kuja Kitale kila mwezi. Nami, kusema kweli, niliona nimepumzika. Hatukuonana karibu mwaka mzima. Tulikuwa tukisoma maneno ya kila mmoja wetu kila wiki, na nilidhani huko ndiko kuonana.

Mabadiliko yalianza polepole. Barua yake moja ilikuwa na aya ile ile mara mbili. Nikaifuta moja, nikafikiri msichana wa taipu amekosea. Nyingine iliahidi mbegu, na mbegu haikuwapo. Wiki iliyofuata akaleta mbegu ambayo ilikuwa imechanganyika, maagizo mengine hayana maana. Fundi wa New Zealand aliuliza kwa upole kama kuna mstari uliopotea. Rafiki yangu akamjibu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikaiingiza barua hiyo, kwa sababu ya lile sharti, lakini niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyeiandika.

Halafu akamshambulia yule mwanamke wa Ufini. Alisema ameiba Shamba, kwamba anamcheka, kwamba wote wanakutana mahali bila yeye. Barua hiyo ilikuja mara nne katika wiki moja, kila moja ikiwa na makosa yake. Mwanamke yule aliniandikia mimi peke yangu. Hakukasirika. Alisema anamheshimu sana mwenzangu, ila hawezi kubaki mahali anapotukanwa, na wengine watano wanafikiri vivyo hivyo. Nifanye ninavyoona vema.

Niliikalia barua ile asubuhi nzima. Nilifikiri: ameanza kunywa. Nilifikiri: amenionea kijicho kwa kuwa jina langu ndilo liko juu. Mtu huona kwa mwenzake kile alichonacho mwenyewe moyoni. Kulikuwa na mambo rahisi ya kufanya. Bumula si mbali, na magari yalikuwapo kila siku. Ningeweza hata kuandika karatasi moja kwa posta na kuuliza, ndugu yangu, kuna nini? Sikufanya hata moja. Niliiacha barua yake nje ya jarida. Kisha, kwa kuwa sikutaka aone kwamba jarida limetoka bila yeye, nililiondoa jina lake kwenye orodha ya wanaopelekewa. Ilikuwa kufuta mstari mmoja. Niliwaza kwamba akikaa kimya kidogo atatulia, halafu nitamrudisha.

Barua zake ziliendelea kuja. Nilizichapisha kwa printa ya mradi, nikatazama mistari michache ya kwanza, nikazitia kwenye faili la kahawia. Zilifika kumi na moja. Jarida lilirudi kuwa na amani. Watu walinishukuru.

Ilikuwa siku ya michezo ya shule za wilaya, tumeketi chini ya turubali tukiandika majina ya washindi, mwalimu mmoja kutoka Bungoma alipogeuka akaniuliza, "Na yule rafiki yako wa Bumula, ulishaenda kumwona?"

"Kumwona kwa nini?"

Akanitazama. "Kumbe hujui? Aliwacha kufundisha tangu muhula uliopita. Ako na uvimbe kichwani. Walimpeleka Eldoret, wakarudishwa nyumbani."

Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka kwamba niliendelea kuandika majina, na kwamba niliandika jina la msichana mmoja mara mbili.

Nilikwenda kesho yake. Mkewe alinikuta njiani, anatoka kisimani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akilima na kuuza nyanya sokoni. Alinisalimu kwa salamu ya kwao, "Mulembe, shemeji," kisha akasema kama mtu anayemweleza mgeni mahali pa kuweka viatu, "Leo ako vizuri kidogo. Lakini usishangae akikuuliza jambo mara mbili."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chini ya dirisha, amejifunika blanketi mchana wa jua. Alikuwa amekonda, na jicho moja halikufuata lingine. Aliponiona alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Mwalimu," alisema. "Watu walienda wapi?"

"Watu gani?"

"Wa Jarida. Naandika, naandika. Hakuna mtu anajibu. Wamechoka na mimi?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli hapo, na ningeisema kwa maneno machache. Nilisema, "Ni laini za simu. Zimeharibika kule Nairobi. Hata mimi sipati kitu."

"Aah," alisema, na uso wake ukalegea kwa nafuu niliyoiona kwa macho yangu. "Nilidhani nimewakosea."

Baada ya muda akaniuliza tena, watu walienda wapi, nami nikamdanganya tena.

Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani. Ndipo nilipojua jinsi barua zile zilivyokuwa zikifika. Rafiki yangu alikuwa akiandika kwa mkono, kitandani, siku akili ilipotulia. Yeye mkewe alizichukua kila Jumatano, akatembea mpaka kwenye lami, akapanda baiskeli ya kubeba abiria mpaka Bungoma mjini, akampa msichana wa taipu, akaketi kwenye benchi akingoja. "Kila wakati namuuliza, kuna kitu imekuja? Ananiambia hakuna, mama. Nikifika nyumbani, mzee anakuwa amekaa akiangalia njia." Akatingisha kichwa. "Kumbe ni laini za simu."

Nikasema, "Ndiyo."

Jumatatu sikungoja Jumamosi. Niliomba ruhusa, nikaenda ofisi ya mradi, nikawaandikia watu wote kwamba mwanzilishi wa jarida letu ni mgonjwa sana, na kwamba maneno aliyoyasema yalitoka kwenye ugonjwa. Niliwaomba wamwandikie. Sikuandika kwamba nilikuwa nimemwondoa. Ijumaa nilikuta barua ishirini na mbili. Nilizichapisha zote, Jumamosi nikazipeleka.

Nilikuta hali imebadilika. Alikuwa kitandani, macho wazi, lakini maneno yake hayakuungana tena. Mkewe aliketi miguuni pake, na mama yake mzee karibu na ukuta. Niliketi kwenye stuli nikaanza kusoma. Barua zilikuwa za Kiingereza, nami nilizitafsiri nikisoma ili nao wasikie. Mwanafunzi wa Brazili alisema viumbe wa Shamba bado wanaishi kwenye kompyuta yake tangu mwaka uliopita na hajawahi kuizima. Fundi wa New Zealand alisema anaomba msamaha kama swali lake lilimuudhi. Rafiki yangu alikuwa akinitazama mdomo. Mara moja mkono wake ulitembea juu ya blanketi, vidole viwili, kama mtu anayehesabu miraba.

Ya nne ilikuwa ya mwanamke wa Ufini. Nilikuwa nimeingia katika mwendo wa kutafsiri, sentensi hii na ile, bila kutangulia kusoma. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Ulipotoweka kwenye jarida miezi hii, wakati sisi wengine tunaandikiana kila wiki kama kawaida, nilidhani umetuacha kwa hasira, na nilisikitika."

Nilishusha karatasi. Mama mzee alisema niendelee. Mkewe aliinuka akatoka nje. Nilisoma zilizobaki, kumi na nane, zote, na sikumbuki hata neno moja lililokuwa ndani yake.

Nje, karibu na banda la ng'ombe, mkewe alikuwa akinisubiri.

"Kila wiki kama kawaida," alisema.

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu matusi, na walionitaka nichague, na mstari nilioufuta, na faili la kahawia. Nilimwambia sikujua kwamba anaumwa.

"Hukujua," alisema. "Na hukuuliza." Alikuwa akiongea taratibu, akitazama mikono yake. "Mimi mambo ya kompyuta siyajui, shemeji. Najua nilikuwa naenda mjini kila Jumatano na narudi mikono mitupu. Ungetuma hata neno moja. Hata ungesema, wacha kutuandikia. Angejua kuna mtu amesoma."

Akageuka kurudi ndani, kisha akasimama.

"Usimwambie," alisema. "Wacha iwe laini za simu."

Rafiki yangu alifariki wiki iliyofuata, Alhamisi. Mazishi yalikuwa makubwa, wanafunzi wake wa zamani walikuja hadi kutoka Ndalu na mbali zaidi. Mchungaji alisema alikuwa mwalimu wa hesabu na mzee wa kanisa. Mambo ya viumbe hayakutajwa, kwa kuwa aliyeweza kuyataja ni mimi, na nilipoitwa kama rafiki wa marehemu nisimame niseme machache, nilisema alikuwa mtu mwema nikaketi.

Katika toleo lililofuata niliwaeleza wasomaji nilichokifanya, bila kujitetea. Wengine walinifariji. Yule mfamasia wa Kisumu aliniandikia mstari mmoja, kwamba asingependa tena kupokea jarida, na sikumsikia tena. Niliendelea miezi michache, lakini kila Jumamosi nilipofungua zile barua nilijikuta nikihesabu za nani hazipo. Nikamwandikia mwanamke wa Ufini nikamwomba alichukue jarida. Alilichukua, na baadaye akalihamishia kwenye tovuti, ambapo watu hawakuhitaji tena mhariri.

Miaka ile ya tisini ilipokuwa inaisha, walifungua saiba ya kwanza niliyoijua Kitale, vyumba viwili vya kulipia intaneti juu ya duka la vitambaa. Niliingia nikatafuta ile tovuti. Ilikuwepo. Matoleo yote ya zamani yalikuwa yamepangwa kwa namba. Nilifungua yale ya miezi mitatu ya mwisho ya uhai wa rafiki yangu, na yeye hakuwamo. Mtu akisoma leo angedhani alikuwa amechoka na mchezo.

Nilirudi na faili la kahawia. Kwa Jumamosi tatu niliketi pale nikichapa kwenye tovuti zile barua kumi na moja, kama zilivyo, na marudio yake na matusi yake. Kwenye ya sita kulikuwa na mbegu. Nilijaribu kuipanda. Viumbe waligeuka kushoto, wakageuka kushoto tena, wakafa kwa njaa wakiwa karibu na nyasi. Nilibadilisha agizo moja, kisha jingine. Kulikuwa na kitu alichokuwa akikitafuta mle, maagizo mawili yaliyorudi kila baada ya mistari mitatu, lakini sikuweza kujua ni kitu gani. Miaka yote nilikuwa nikimuuliza yeye nilipokwama.

Ilipofika ya tisa ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kuisoma mpaka mwisho. Nilikuwa nimesoma mistari michache ya juu, ambayo ilikuwa lawama, nikaifungia. Chini kabisa, baada ya aya ya kuchanganyikiwa, kulikuwa na sentensi mbili zilizonyooka kabisa: "Anayezileta barua hizi mjini ni mke wangu, na njia ni ndefu. Mkijibu, tafadhali msalimieni yeye kwanza."

Niliichapisha karatasi hiyo peke yake, nikaipeleka Bumula kwa mjane wake. Tangu mazishi nilikuwa nimekwenda mara mbili tu, na mara zote alinipokea vizuri na kuniacha niketi na watoto. Safari hii nilimkuta anachagua nyanya, zile nzuri upande mmoja. Alipangusa mikono, akaichukua karatasi, akaisoma akisogeza midomo. Kiingereza chake kilitosha.

"Aliandika siku gani hii?"

Tarehe ya kutumwa ilikuwa juu ya karatasi. Nilimwonyesha.

Aliifikiria. "Hiyo Jumatano mvua ilinyesha sana," alisema. "Daraja ilifunikwa na maji. Nilirudi giza likiwa limeingia. Alikuwa amekataa kula mpaka nifike."

Aliikunja karatasi mpaka ikawa ndogo, akaiweka ndani ya mfuko wa aproni, akarudi kwenye nyanya zake. Nami nikavuta stuli, nikaanza kumsaidia kuchagua.